Mpira Umfikie na Yule wa Upande wa Juu

Jumapili alasiri ukipita karibu na uwanja wa mpira wa kigango chochote cha huku kwetu, iwe Ngara au Biharamulo, simama kidogo uwatazame watoto wakicheza. Utaona kundi moja la watoto, mfano wa nyuki, likienda kila mpira unakokwenda. Mpira ukienda kulia, wote kulia. Ukirudi kushoto, wote kushoto, na vumbi juu yao. Na pembeni kabisa, upande ule usiofikiwa na mpira, utaona mtoto mmoja amesimama peke yake, mikono kiunoni, akichora chini kwa kidole cha mguu. Huyo ndiye ninayetaka kuwapeni habari zake leo.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu: daftari la ubatizo, daftari la ndoa, hesabu za zaka. Lakini nilisomea ualimu chuoni, na huko tulifundishwa michezo pamoja na masomo mengine. Basi Paroko aliponikabidhi vijana wa mpira, sikukataa. Nilijiona najua. Kumbe nilichojua ni kupuliza filimbi tu.

Uwanja wetu, kama viwanja vingi vya milima ya Ngara, umelala ubavu. Upande mmoja uko juu, karibu na barabara. Upande wa pili uko chini, karibu na migomba. Na mpira ni kama maji, hupenda kwenda chini. Vijana wetu walikuwa wakishambulia upande wa chini siku zote, maana huko mpira unajipeleka wenyewe. Timu za vigango vingine zimekwisha kutujua. Huweka mabeki wao wenye nguvu kule kwenye migomba, wakatungoja kama mtu angojaye panya mlangoni pa shimo.

Mwezi wa saba, siku ya mechi moja, nilifanya jambo la kikarani. Nilichukua daftari nikaandika majina ya wachezaji wote, na kila mchezaji alipogusa mpira nikamwekea kijiti kimoja. Mwisho wa mchezo senta fowadi wetu alikuwa na vijiti hata nafasi ya kuviandika ikaisha. Winga wa upande wa juu alikuwa na vijiti vitano, na vitatu kati ya hivyo ni mipira ya kurusha aliyoirusha yeye mwenyewe kwa mikono! Kijana huyo nilimweka upande wa juu vipindi vyote viwili. Nilimweka huko kwa kuwa ni mdogo wa mwili, nikafikiri, huko hataharibu kitu.

Jumatano iliyofuata hakuja mazoezini. Wala Jumatano ya pili. Nilipopita kwao nikamkuta mama yake anapukuchua maharage. Nikamsalimu, nikauliza habari za kijana. Akanijibu kwa adabu, lakini bila kuinua macho: “Mwalimu, mwanangu anasema huko anakwenda kusimama. Kama ni kusimama, anaweza kusimama hapa hapa akanichungia mbuzi.”

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikakaa mezani na kalamu, nikaanza kupanga mazoezi upya, na mpango wenyewe ndio huu ninaowaandikia. Ni wa vijana wa miaka 12 hadi 15, lakini mwalimu wa shule ya msingi, katekista, kiongozi wa VIWAWA au mzazi yeyote mwenye filimbi na saa anaweza kuutumia.

KUKAA NA MPIRA, KISHA KUUGEUZA

Mambo ni mawili, tena yanafuatana. La kwanza ni kukaa na mpira, yaani timu yetu ipeane mpira bila kunyang'anywa. Watu wetu wana jina lao la mchezo huu, “kampa kampa tena”, na mashabiki wa Simba nao walizua lao, “pira biriani”. La pili ni kuugeuza, yaani kuutoa upande wenye watu wengi na kuupeleka upande wenye watu wachache.

Kukaa na mpira bila kuugeuza ni kama kuzunguka soko zima bila kununua kitu. Na kuugeuza kabla hujajua kukaa nao, hiyo ni butua tu: unapiga, unaomba upepo ukusaidie.

Mbona tuugeuze? Fikiri hivi. Anayekaba hupenda kuusogelea mpira. Ndivyo tulivyo binadamu. Tukipeana pasi nne upande wa kulia, watu wao sita au saba watasogea kulia. Wakisogea, upande wa kushoto umebaki wazi. Sasa, mpira uliopigwa vizuri hukata mita 40 kwa sekunde tatu hivi, na kijana mwenye mbio nyingi atatumia sekunde sita. Zile sekunde tatu zilizobaki ni mali ya winga wetu. Ndani yake anaweza kuupokea mpira, kuinua kichwa na kuchagua la kufanya. Kwa sheria za mchezo uwanja wa wakubwa una upana wa mita 45 mpaka 90. Kwa nini tupewe upana wote huo, tukacheze katika kipande kimoja kama kuku ndani ya tenga?

Si maarifa mageni haya. Waholanzi waliucheza mpira wa namna hiyo hata wakafika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1974, ingawa Ujerumani Magharibi iliwashinda. Mmoja wao, Johan Cruyff, baadaye alikuwa mwalimu wa Barcelona tangu mwaka 1988 hadi 1996, akawazoeza vijana wake kupeana mpira katika mduara mdogo. Wahispania waliolelewa katika mafunzo hayo walikuwamo kwa wingi katika timu ya Hispania iliyotwaa Kombe la Dunia huko Afrika ya Kusini mwaka 2010. Wengi wao hawakuwa watu wakubwa wa miili. Nilipokumbuka hilo niliona aibu kwa ajili ya winga wangu mdogo.

KABLA VIJANA HAWAJAFIKA

Mwalimu afike nusu saa mbele. Vijana wakikuta mistari imechorwa watajua leo kuna kazi. Wakikukuta nawe unatafuta mawe, watapanda miti ya watu. Chora mistari kwa majivu. Usitumie chokaa ya kujengea, inaunguza macho na ngozi. Mahali pa kona weka mawe makubwa yanayoonekana, au fito zilizofungwa majani ya mgomba.

Mipira yatosha mitatu. Kwetu mmoja ni mpira wa duka, mmoja umechakaa, na wa tatu vijana wenyewe wameusuka kwa maganda makavu ya mgomba na kamba. Huo haudundi, lakini unaviringika, na kwa mduara unafaa kabisa. Kama una fedha ya kununua mmoja, na vijana wako wengi hawajapita miaka 12, nunua namba 4, si namba 5 ya wakubwa. Mguu wa mtoto hauwezi kupeleka mbali mpira mzito, naye akishindwa mara tatu ataacha kujaribu.

Tena ziwepo fulana za rangi mbili. Kama hakuna, nusu yao wavae mashati na nusu wafunge vitambaa mkononi. Ndoo ya maji yaliyochemshwa na vikombe viwekwe kivulini.

Tuseme vijana ni 18 na muda ni kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 11 na nusu. Usizidishe. Wengine wana maji ya kuteka kabla jua halijazama, na mama akikosa maji leo, kesho hutamwona mwanawe.

Dakika 12 za kwanza ni za kuchangamsha mwili. Vijana wawe wawili wawili na mpira, au sita sita kama mipira ni michache, wakipeana kwa upande wa ndani wa mguu. Hapa kuna jambo moja tu la kufundisha: kupokea mpira kwa mguu ulio mbali na ule mpira unakotoka, huku mwili umefunguka. Anayepokea akiwa amemkabili mwenziwe uso kwa uso huona nusu ya uwanja tu. Anayesimama kimshazari huona pande zote mbili. Waambie wasimame kama mtu aliyekaa mlangoni, anayeona ndani na nje.

MDUARA

Kisha gawanya vijana sita sita. Kila kundi lipate mraba wa hatua kumi kwa kumi, hatua za mtu mzima. Wanne wakae pembeni, mmoja kila upande. Wawili waingie katikati kunyang'anya. Aliyepoteza mpira anaingia katikati, na aliyekaa huko muda mrefu zaidi anatoka. Dakika 15.

Wasichana wetu wamekwisha kuujua ujanja wa katikati kwa mchezo wa rede, ingawa huko mpira hurushwa kwa mikono na wa katikati kazi yake ni kukwepa. Ukiwa na wasichana katika kundi lako utawaona wanaelewa upesi kushinda kaka zao. Wala wazazi wasiwazuie. Timu yetu ya taifa ya wasichana wasiozidi miaka 17, Serengeti Girls, ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA la rika lolote, huko India mwaka 2022, na waliifunga Ufaransa wakafika robo fainali.

Katika mduara angalia mambo haya. Mpira usilale mguuni: gusa mara mbili, toa. Walio pembeni wasisimame kama nguzo, bali wateleze kulia na kushoto mpaka mwenye mpira awaone. Na pasi ipitayo katikati ya wale wawili ihesabiwe kuwa na thamani ya pasi tatu. Mbona? Kwa kuwa pasi ile inawaacha wakabaji wote nyuma kwa mara moja, nayo ndiyo mbegu ya kugeuza mchezo.

Siku ya kwanza utaona fujo. Mpira utapotea kila baada ya pasi mbili. Usipige kelele, wala usiwasimamishe kila mara kuwahutubia. Kama hawawezi kabisa, toa mkabaji mmoja abaki mmoja tu, au panua mraba hatua mbili. Nilichelewa kulijua hilo. Siku ya kwanza nilisema mimi zaidi ya mpira.

NJIA TATU

Hili ndilo zoezi lenyewe, nalo lipewe dakika 25 nzima.

Chora eneo la upana wa hatua 60 na urefu wa hatua 35. Kisha ligawe kwa mistari miwili ya majivu, upate njia mbili nyembamba pembeni, hatua kumi kila moja, na eneo kubwa katikati, hatua 40. Katikati waingie saba kwa saba. Wanne waliobaki hawana timu: wawili wakae njia ya huku, wawili njia ya kule. Hao wa pembeni hucheza na timu yoyote iliyowapa mpira, na kuurudisha kwa timu ile ile. Hakuna ruhusa kuwaingilia katika njia yao, nao wasiguse mpira zaidi ya mara mbili.

Hakuna magoli. Bao hupatikana hivi: timu ikiutoa mpira njia ya pembeni ya huku na kuufikisha njia ya pembeni ya kule bila kunyang'anywa, imepata bao moja. Mimi huweka kokoto moja kando ya mstari kwa kila bao, ili pasiwe na ubishi.

Mwanzoni weka sharti: mpira usirushwe juu moja kwa moja kutoka njia hii hadi ile. Lazima upite kwa mtu mmoja angalau wa katikati, tena chini kwa chini. Watoto hawana nguvu ya kupiga mpira wa mita 40 hewani, na wakijaribu unaanguka katikati, adui anauchukua, tunakimbia kuelekea goli letu. Pasi mbili au tatu fupi hufika salama zaidi: winga anarudisha kwa beki wake, beki kwa kiungo wa katikati, ambaye wazee wamwita senta hafu, na yeye anampa beki wa upande wa pili. Wakikomaa, baada ya majuma kadhaa, sharti hilo liondoe.

Wa katikati ndiye moyo wa kazi. Kabla mpira haujamfikia awe amekwisha kutazama nyuma ya bega lake. Kabla, si baada! Mwambie atazame mara mbili: mara ya kwanza mpira unapokuwa kwa mwenzake, mara ya pili unapokuwa njiani. Akikuta pako wazi ageuke nao. Akikuta mtu mgongoni asigeuke, bali aurudishe na kutafuta nafasi nyingine. Wenzake nao wamsaidie kwa maneno mafupi. Sisi twatumia matatu tu: “Geuka!” akiwa huru, “Mtu!” akiwa na mkabaji mgongoni, na “Ng'ambo!” upande wa pili ukiwa wazi. Ukiwapa maneno kumi hawatakumbuka hata moja.

Na hapa sasa nirudi kwenye mlima wetu. Weka zile njia mbili za pembeni hivi kwamba moja iwe juu kabisa na nyingine chini kabisa. Usikwepe mteremko kwa kutafuta kipande cha tambarare, maana Jumapili utachezea mteremko huo huo. Pasi ya kupandisha inahitaji nguvu zaidi, tena ilenge mguu wa mwenzako hasa, kwa kuwa mpira unachoka njiani. Pasi ya kushusha iwe ya upole, iwekwe mbele yake kidogo tu, la sivyo itamkimbia mpaka kwenye migomba. Na mpira unaopigwa kufuata urefu wa uwanja utapinda kuelekea chini, hivyo elekeza juu kidogo ya pale unapotaka ufike. Vijana wetu walijifunza mambo haya kwa siku mbili, kwa kuwa miguu yao imezaliwa milimani. Ni mimi ambaye sikuwahi kuwaambia kwamba upande wa juu nao ni uwanja.

Ndugu zetu wa Biharamulo wenye viwanja vya tambarare wana shida nyingine, nayo ni majani wakati wa mvua. Pasi ya chini inazama kabla haijafika. Kabla ya mazoezi fyekeni, au fungeni mbuzi hapo asubuhi mbili tatu. Wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu kama sakafu na mpira unaruka magotini. Hapo mchezaji alegeze mguu anapoupokea, kama mtu anayedaka yai.

MAGOLI MANNE

Dakika 25 zinazofuata ni za mchezo wenye magoli. Wagawe tisa kwa tisa, hakuna golikipa. Kwenye mstari wa mwisho wa kila upande weka magoli mawili madogo ya mawe, hatua mbili kila moja, moja kona ya kulia na moja kona ya kushoto. Kila timu inashambulia magoli mawili na kulinda mawili.

Watoto ni werevu. Hutahitaji kuhubiri. Wakikuta goli moja limezibwa na watu watano, wataona wenyewe lile lingine halina mtu. Mwalimu asimame akinyamaza, na aulize swali mara moja moja: “Lipi liko wazi?” Basi. Usiseme “Pigeni kule.” Ukisema hivyo umecheza wewe, si wao.

Mawinga wote wawili wakae pembeni, visigino juu ya mstari. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana mtoto aliyekaa mbali na mpira huona kama amefukuzwa. Umweleze faida yake: kwa kusimama pale peke yake anamlazimisha beki mmoja kubaki naye, na kama beki hakubaki, mpira utamjia akiwa huru. Lakini ukimwambia hivyo, ni lazima kweli mpira umjie. Mwalimu akiahidi jambo hilo, na mpira usifike juma baada ya juma, mtoto atajua amedanganywa.

Dakika zilizobaki, kama 13 hivi, waache wacheze mechi ya kawaida na magoli makubwa. Hapo mpe golikipa neno moja. Tangu mwaka 1992 sheria inamkataza kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa makusudi na mwenzake kwa mguu. Basi naye ajifunze kuupokea kwa miguu na kuupeleka upande wa pili, kwa kuwa yeye ndiye anayeuona uwanja wote.

MZEE MMOJA ALINIULIZA

Mzee mmoja wa kigango chetu, mchezaji hodari wa zamani, alikuja kutazama akiwa ameegemea baiskeli yake. Baada ya dakika kumi akaniita. “Mwalimu, naona unawafundisha watoto woga. Goli liko mbele, wao wanarudisha nyuma. Sisi tulikuwa tunakwenda mbele tu!”

Nikamjibu, “Mzee wangu, ukitaka kwenda Biharamulo mjini na njia ya mbele imekatika daraja, hurudi ukatafuta njia nyingine?”

Akacheka. Akasema, “Hurudi. Lakini sirudi kila siku!”

Naye ana haki. Msomaji, usichukue mashauri yangu ukawafanya watoto waogope kwenda mbele. Ikiwa njia ya mbele iko wazi, waende, haraka, bila kuniomba ruhusa. Kukaa na mpira dakika tatu bila kufika golini si sifa. Tunaugeuza kwa sababu njia imezibwa, na tunapougeuza tunataka upande wa pili washambulie mara moja kabla wakabaji hawajahamia. Niliwahi kuona kijana wetu, siku ya tatu ya mazoezi, peke yake na golikipa, akageuka akamrudishia beki! Alidhani ndivyo ninavyopenda. Kosa hilo lilikuwa langu, na tangu siku ile katika zoezi la magoli manne nimeongeza sharti: bao lililofungwa ndani ya pasi tatu baada ya kugeuza huhesabiwa mawili.

Na ninyi wazazi mnaosimama kando ya mstari siku ya mechi, nawaombeni jambo. Mtoto akiwa na mpira karibu na goli lake, msipige kelele “Butua! Butua!” Najua roho inaruka. Hata yangu huruka. Lakini mtoto akisikia sauti ya baba yake atabutua, na yote aliyojifunza majuma sita yanakwenda na mpira ule kwenye shamba la mahindi. Mkitaka kupiga kelele, pigeni “Ng'ambo!” Wamekwisha kuizoea.

WINGA WANGU

Mtauliza juu ya yule kijana. Nilirudi kwao, safari hii nikiwa na daftari. Nikamwonyesha mama vile vijiti vitano, nikamwambia kosa halikuwa la mtoto. Alivitazama muda mrefu. Kisha akamwita kijana kutoka nyuma ya nyumba, akamwambia, “Nenda kaone. Lakini mbuzi wawe wamerudi kwanza.”

Alikuja Jumatano, amechelewa, tumekwisha kuanza njia tatu. Nikamweka njia ya juu, pale pale alipopazoea. Sikuwaambia wenzake neno. Mpira ulikuwa chini kwenye migomba, watu wamejazana, kama siku zote. Beki akaupokea, akarudisha kwa kiungo. Kiungo akatazama begani, mtu mmoja akapaza sauti “Ng'ambo!”, naye akageuka akaupandisha kwa nguvu, chini kwa chini, moja kwa moja mpaka miguuni pa kijana wangu.

Ukapita chini ya wayo wake. Hakuutegemea! Ukatoka nje, ukavuka barabara, ukaingia kwenye majani upande wa pili. Wote wakacheka, naye akacheka, akakimbia kuufuata. Aliporudi nao nilimwambia arudi njia yake, nikapuliza filimbi tuanze tena. Jioni ile nilimwekea vijiti kumi na saba.